Australorp, Langshan, Australian Game au kishingo: kuchagua kuku wa mbegu adimu ukiwa Australia

Kuku si ndege wa asili ya Australia. Wa kwanza walishuka Sydney mwaka 1788 na meli za Waingereza, na kila mbegu iliyopo leo ama ililetwa kutoka nje, ama ilitengenezwa huko huko kwa kuchanganya walioletwa. Kisha mlango ukafungwa. Kuku hai haruhusiwi kuingizwa nchini, na mayai ya kutotolesha hayaingii ila kwa kibali na kwa kupitia karantini ya serikali, kwa gharama zinazomudiwa na makampuni makubwa. Kwa mfugaji mdogo jambo hili lina uzito: mbegu ikififia, hakuna pa kuagiza nyingine. Damu iliyobaki mabandani ndiyo hiyo.

Ndiyo maana kuchagua mbegu adimu ni tofauti na kununua matetea watatu wa kahawia dukani. Hapa tunalinganisha wanne: Australorp, Langshan wa Australia, Australian Game, na kishingo ambaye huko huuzwa kwa jina la Transylvanian Naked Neck. Msomaji anaweza kushangaa kumwona Australorp kwenye orodha, maana jina lake liko kila mahali. Jina ndilo lililoenea. Australorp wa damu safi anayetaga kama babu zake walivyotaga hapatikani kirahisi.

Vigezo kwanza

La kwanza ni jogoo, kabla ya rangi na kabla ya mayai. Halmashauri nyingi za mijini huruhusu matetea wachache uani na hukataza jogoo kwa sababu ya kuwika. Idadi ya kuku na umbali wa banda kutoka nyumba ya jirani hutofautiana kati ya halmashauri na halmashauri, kwa hiyo soma kanuni za kwako. Usitegemee za rafiki aliye mji mwingine. Bila jogoo utakula mayai vizuri tu, lakini mbegu huiendelezi.

La pili ni hali ya hewa ya pale ulipo hasa. Mildura inaweza kupita nyuzi 40 wakati wa kiangazi, na Ballarat hulala na jalidi wakati wa baridi, ingawa zote ziko jimbo la Victoria. La tatu ni unachotaka: mayai, nyama, au kuhifadhi. La nne ni damu, yaani kama utapata majogoo wasio ndugu wa matetea wako. La tano ni muda wako na kiasi cha ukorofi unachoweza kuvumilia bandani.

Asili yao, na kumtambua aliye safi

Australorp alitokana na Orpington weusi wa Uingereza, mbegu iliyotolewa na William Cook mwaka 1886. Wafugaji wa Australia waliwachagua kwa utagaji. Mwaka 1922–1923 matetea sita walitaga mayai 1,857 ndani ya siku 365, wastani wa 309.5 kwa kila mmoja, na rekodi hiyo ndiyo iliyompa jina duniani. Aliye safi ana manyoya meusi yenye mng'ao wa kijani kama mgongo wa mbawakawa, macho meusi na nyayo nyeupe. Mgeuze umtazame nyayo: zikiwa njano, kuna damu ya kigeni. Tatizo kubwa ni kwamba chini ya jina moja kuna kuku wawili. Yuko wa maonyesho, mkubwa na mwenye manyoya tele, ambaye mara nyingi hutaga kidogo. Na yuko wa kutaga, mwembamba zaidi, manyoya yamembana. Muulize muuzaji kumbukumbu za mayai. Asiyekuwa nazo anakuuzia umbo.

Langshan chimbuko lake ni China, na Meja Croad ndiye aliyempeleka Uingereza mwaka 1872. Huko baadhi ya wafugaji walimrefusha miguu mpaka akawa kama korongo. Wa Australia walibaki katikati, wakapata kuku mrefu kiasi, mwenye mkia uliosimama na mgongo unaopinda kama herufi U. Miguu ina manyoya machache upande wa nje. Miguu mitupu kabisa, au iliyofunikwa manyoya mpaka vidole vyote, ni ishara ya mchanganyiko. Wapo pia Langshan kibete, kwa hiyo ukiagiza mayai taja wazi kwamba unataka wakubwa.

Australian Game alitengenezwa New South Wales katika karne ya 19 kwa kuchanganya kuku wa Malay na kuku wa kupigana wa Kiingereza. Ni mrefu, mzito, kifua kipana, manyoya mafupi magumu. Mtu wa Lamu au Pemba akimwona atamkumbuka kuchi mara moja: simamo ni lile lile, shingo ni ile ile. Kupiganisha majogoo ni kosa la jinai Australia. Anafugwa kwa nyama, kwa maonyesho na kwa ajili ya kuhifadhi damu yake.

Kishingo ndiye pekee kati ya hawa aliye karibu na kuku wa asili kwa maana ya kijijini, yaani aliyeumbwa zaidi na mahali na mahitaji ya watu kuliko kitabu cha maonyesho. Jina la kibiashara linatokana na Transylvania, Romania. Si chotara wa bata mzinga, ingawa uvumi huo haufi. Shingo tupu huletwa na kinasaba kimoja chenye nguvu, ambacho kipo pia kwa vishingo wa vijijini Afrika Mashariki. Kifaranga akikipata kwa mzazi mmoja tu, hubaki na kishungi cha manyoya mbele ya shingo, chini karibu na kifua. Akikipata kwa wazazi wote wawili, shingo huwa tupu kabisa au karibu kabisa. Kumbuka hili unaponunua. Ukimwoza mwenye kishungi kwa mwenye kishungi, robo ya vifaranga watatoka na shingo yenye manyoya kama kuku wengine, na hapo wapo wafugaji hudhani wameibiwa.

Mayai na nyama

Ukipima kwa mayai peke yake, chotara wa viwandani huwashinda wote wanne. Hutaga zaidi ya 300 mwaka wa kwanza, kisha hushuka haraka na wengi huugua mfuko wa mayai. Mbegu za zamani hutaga pole pole na kwa miaka mingi zaidi.

Australorp wa ukoo wa kutaga hutoa kadiri ya mayai 200 hadi 250 kwa mwaka, ya kahawia hafifu. Jogoo hufika kilo 4 hivi, kwa hiyo majogoo wa ziada ni kitoweo cha kweli. Langshan humfuata kwa mayai, na husifiwa kwa kutaga hata siku zinapokuwa fupi. Nyama yake ni nyeupe na laini, lakini mifupa ni mirefu na kifua huchelewa kujaa. Kishingo hutaga wastani, ila kumnyonyoa ni kazi ya muda mfupi: mwenye vinasaba viwili ana manyoya pungufu kwa karibu asilimia 40. Australian Game hutaga machache, tena kwa msimu. Nyama yake ni nyingi na nzito kifuani, lakini usitarajie kuipata mapema. Kijogoo cha miezi sita bado ni mifupa na miguu; mwili hukamilika mwaka wa pili. Anayemlisha chakula cha kuku wa kutaga chenye protini asilimia 16 tangu utotoni atapata ndege aliyepinda miguu na mwenye kifua bapa. Vifaranga wake wanataka asilimia 20 au zaidi mpaka wiki ya 12, na chokaa isizidi: chakula cha kutagia, chenye kalsiamu karibu asilimia 4, huharibu figo za kifaranga wa mbegu yoyote.

Joto, baridi na wadudu

Hapa kishingo anawaacha wenzake mbali. Joto la mwili hutoka kupitia shingo na kifua, hivyo nyuzi 40 humkuta bado anakula wakati Australorp amefungua mbawa na kuhema mdomo wazi. Kuku mweusi mzito ndiye wa kwanza kufa siku za joto kali, hasa saa tisa hadi kumi na moja jioni. Ukimfuga Australorp au Langshan mweusi bara, kivuli kiwe cha mti au paa lililoinuliwa, si bati lililo karibu na mgongo. Kuku mmoja hunywa robo lita siku ya kawaida na maradufu siku ya joto. Weka vyombo viwili mahali tofauti, maana mkubwa akikaa kwenye kimoja wanyonge watakauka. Usilishe mchana, kwani kumeng'enya chakula kunazidisha joto la mwili. Mwagia mchanga maji chini ya kivuli wasimame juu yake.

Baridi hugeuza hesabu. Australorp amevaa koti, na upanga wake wa wastani hauungui sana kwa jalidi. Langshan huvumilia baridi kavu, lakini manyoya ya miguu na tope haviendani: uani ambako maji hutuama, donge hujishika vidoleni, unyevu hukaa, na utitiri wa magamba hujificha humo bila kuonekana. Kagua miguu kila wiki. Magamba yakianza kuinuka, paka mafuta mazito mpaka yazibe, rudia baada ya siku saba, kwa wiki tatu au nne. Kishingo hafi kwa baridi ya Australia mradi banda liwe kavu na lisilopitisha upepo, ila hula zaidi ili kujipasha joto, na hapo faida yote aliyokupa wakati wa kiangazi huliwa na baridi. Australian Game ana manyoya machache yanayobana na hafichi kifua chake. Mvua ya baridi inamfaa vibaya.

Katika maeneo makavu ya bara yupo adui mmoja anayesahaulika: papasi wa kuku. Mchana hukaa kwenye nyufa za mbao, usiku hutoka kunyonya damu, na hueneza homa inayoua haraka. Banda la mabati na vichanja vya bomba la chuma lililozungushiwa mbao laini isiyo na nyufa ni bora kuliko mbao za zamani, kwa mbegu zote nne.

Ua, banda na tabia

Mbweha aliletwa na wakoloni karne ya 19 kwa ajili ya kuwindwa, na leo yumo hata katikati ya Melbourne. Wavu mwembamba wa kuku huutafuna. Tumia wavu wa chuma uliochomelewa, kimo cha mita 1.8, na ulaze upande wa nje kipande cha sentimita 40 juu ya ardhi au kichimbiwe kidogo, kwa sababu mbweha huanza kuchimba pale ukuta unapogusana na ardhi. Queensland ongeza chatu: tundu lisizidi milimita 12, la sivyo asubuhi utamkuta ndani ameshiba na hawezi kutoka.

Australorp ni mtulivu, haruki, watoto humshika. Langshan naye ni mpole ila mwepesi. Uzio wa mita moja hautamzuia. Kishingo ni mtafutaji hodari, hukwaruza mbali na banda, na kwenye kundi lenye msongamano wenzake humdonoa shingo. Akitokwa damu mtenge siku hiyo hiyo. Australian Game ni mpole kwa binadamu na mkali kwa wenzake. Vijogoo huanza kutafutana miezi minne au mitano, na wawili waliokua pamoja wanaweza kuuana asubuhi moja baada ya kutenganishwa kwa siku chache tu. Kila jogoo anahitaji chumba chake, wenye ukuta usioruhusu kuona upande wa pili hadi kimo cha kichwa. Matetea nao hupigana. Usimchanganye na mbegu nyingine.

Kutamia na kulea

Australian Game ni mama mkali ambaye mwewe humfikiria mara mbili, lakini uzito wake huvunja mayai. Asipewe zaidi ya manane au tisa. Langshan na Australorp hutamia baadhi yao, si wote, kwa hiyo usipange msimu mzima ukimtegemea tetea mmoja. Kishingo hukaa vizuri, ila manyoya machache hufunika mayai machache. Kumi yatosha, na yapungue kukiwa na baridi.

Kwa mashine yenye feni, nyuzi 37.5 hadi 37.7, unyevu asilimia 45 hadi 50 mpaka siku ya 18, kisha 65 hadi 70 hadi siku ya 21. Mayai yaliyopokewa kwa posta yakae wima, ncha chini, kwa saa 24 kabla ya kuingizwa, maana kifuko cha hewa hulegea njiani. Ukipata nusu ya vifaranga umefanya vyema. Tasmania na Western Australia zina masharti yao ya kupokea mayai ya kutotolesha, basi uliza kabla ya kulipa.

Jambo la kuulizwa kwa kila muuzaji: vifaranga wamechanjwa dhidi ya Marek, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku? Chanjo hutolewa siku ya kwanza, huuzwa kwa chupa za dozi nyingi na haidumu ikishachanganywa, kwa hiyo wafugaji wadogo wengi huiacha. Kifaranga asiyechanjwa anaweza kupooza kati ya wiki ya 6 na miezi michache ijayo, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, na hakuna dawa.

Hesabu ya damu

Jogoo mmoja na matetea kumi si kuku 11 kwa hesabu ya damu. Zidisha majogoo kwa matetea, zidisha kwa 4, gawanya kwa jumla yao: 4 × 1 × 10 ÷ 11, unapata 3.6. Majogoo watatu na matetea tisa, karibu idadi ile ile ya midomo ya kulisha, hutoa 9. Undugu hupanda kila kizazi kwa 1 gawanya kwa mara mbili ya namba hiyo: kwa kundi la kwanza karibu asilimia 14, kwa la pili chini ya 6. Kinachofuata kinajulikana: mayai matupu, vifaranga wanaofia ndani ya ganda siku ya 19 au 20, vidole vilivyopinda, matetea wanaotaga kwa kusuasua.

Njia rahisi ni familia tatu. Wape pete za rangi tatu. Binti hubaki kwenye familia ya mama yake. Mtoto wa kiume wa familia nyekundu huenda kwa matetea wa njano, wa njano huenda kwa buluu, wa buluu hurudi kwa nyekundu. Endelea hivyo kila mwaka bila kugeuza mwelekeo. Banda moja lisilogawanywa haliwezi kazi hii, na hapo ndipo Australian Game anapokuwa ghali kuliko wote: majogoo watatu wa Langshan wanaweza kukaa pamoja nje ya msimu wakiwa wamelelewa pamoja na hakuna matetea karibu, wa Game kamwe.

Kwa hali yako

Uko mjini na jogoo hakubaliwi: matetea watatu au wanne wa Australorp wa ukoo wa kutaga, walionunuliwa kwa mfugaji anayeweka kumbukumbu. Fedha yako inamsaidia kuweka majogoo ambayo wewe huwezi. Kabla ya kuwaachia uani, pima udongo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie uliotoka mwaka 2022 ulikuta mayai ya kuku wa uani Sydney yana madini ya risasi mengi kuliko ya dukani, kwa sababu ya rangi na petroli za zamani zilizobaki kwenye udongo. Kama udongo ni mbaya, jaza juu udongo safi au wafuge kwenye sakafu yenye matandiko.

Uko bara penye joto, kama ndugu wengi kutoka Burundi wanaolima Mildura: kishingo, tena wenye vinasaba viwili upande mmoja wa kundi ili usipoteze shingo tupu. Australorp pia huishi huko, ila kivuli na maji viwe kazi ya kila siku.

Uko nyanda za baridi, Ballarat, Canberra au Tasmania: Australorp kwa udongo wa aina yoyote, Langshan ikiwa ardhi yako hukauka upesi baada ya mvua.

Una ekari moja au zaidi, majogoo wanaruhusiwa, na unataka kazi yako ibaki baada yako: Langshan wakubwa. Wafugaji wao ni wachache, na familia tatu mpya ni msaada unaoonekana. Rare Breeds Trust of Australia hufuatilia hali ya mbegu, na kwenye maonyesho ya kilimo, kama Ekka ya Brisbane, utakutana na wenye kuku wenyewe.

Unataka nyama ya familia bila kusubiri: kishingo, au jogoo wa kishingo kwa matetea wa Australorp, nusu au zaidi ya vifaranga watatoka shingo tupu. Wale chotara ni wa sufuria, wasirudi kwenye kundi la mbegu.

Umefuga miaka kadhaa, una vyumba vingi na subira ya miaka miwili kumwona jogoo akikamilika: Australian Game anakuhitaji kuliko anavyomhitaji mfugaji mwingine yeyote.

Umekwama kati ya wawili? Chukua mmoja. Vikundi viwili vya jogoo mmoja mmoja huchakaa vyote.

Wafugaji huuza ziada yao kati ya Machi na Mei, na hupanga mabanda ya mbegu Juni na Julai. Agiza kabla ya hapo, utotoleshe Agosti hadi Oktoba, na matembe wako wataanza kutaga kabla baridi haijaingia. Wageni waingiapo wakae siku 30 mbali na wa zamani, na ukiona vifo vya ghafla kadhaa kwa siku moja usitupe mizoga: piga simu ya dharura ya magonjwa ya mifugo, 1800 675 888. Mafua ya ndege ya aina ya H7 yaliingia mashamba ya Victoria, New South Wales na Canberra mwaka 2024, na ndugu wa kundi lako huenda wako banda la jirani tu.